Mama, una haki ya kusema: «Zima huo wimbo»

Juma hili tunaacha kidogo habari za akiba, chanjo na bustani, tuzungumze juu ya jambo ambalo kila mtu wa Lusenda analijua lakini halijapata nafasi katika kurasa hizi. Ni nyimbo zinazopendwa na wengi, ambazo baadhi yetu hatuwezi kuzisikia hadi mwisho.

Tunaishi kando ya ziwa, karibu na barabara kubwa inayotoka Uvira kwenda Baraka, na nyumba zetu zimesongamana. Ukuta wa udongo hauzuii sauti, na hema ndiyo kabisa. Bafle la mwenye kuchaji simu likilia, bloku nzima inasikia. La nganda likilia usiku, linamfikia mzazi mwenye mtoto wa siku tatu. Jumamosi arusi inapita na pikipiki zake, jioni kwaya inafanya mazoezi, na katikati ya hayo kuna vijana wenye simu mifukoni. Ukichoka kuona kitu unafumba macho. Masikio hayana kifuniko.

Malalamiko ya namna hii yanarudi mara kwa mara katika vikundi vyetu, na jibu linakuwa lilelile: «Mama, ni wimbo tu.» Sisi tunasema mara nyingi si wimbo tu. Mtu asiyeweza kuvumilia wimbo ana sababu, hata kama hataki kuisema mbele ya watu. Tukizipanga sababu hizo tunapata aina nne: wimbo uliochosha, wimbo uliotumwa kwako, wimbo unaotukana, na wimbo unaofungua kidonda. Kila aina ina dawa yake, na kosa letu kubwa ni kuzitibu zote kwa kicheko.

WIMBO ULIOCHOSHA

Tuanze na ule mwepesi. Mnakumbuka «Jerusalema» ya Master KG na Nomcebo Zikode kutoka Afrika Kusini. Ulitoka mwishoni mwa mwaka 2019, na mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, dunia nzima iliucheza: wauguzi, askari, mapadri, watoto wa shule. Maneno yake ni sala kwa Kizulu, mtu anamwomba Mungu asimwache. Lakini hata sala nzuri, ukiisikia mara ishirini kwa siku kutoka sehemu tatu tofauti, inakuwa kama maji yanayodondoka kwenye sufuria usiku.

Watu wanaochunguza muziki wanaeleza hivi: wimbo mpya tunaupenda zaidi kadiri tunavyouzoea, mpaka unafika kileleni, kisha kila mara tunapourudia upendo unashuka. Wimbo mwepesi ndio unaoshuka haraka. Kwa hiyo mama aliyecheza wimbo kwenye arusi mwezi wa sita, na mwezi wa nane anaziba masikio, hajabadilika tabia. Ameshiba.

Kuna pia wimbo unaokwama kichwani. Unatwanga sombe, unafua, unalala, na kipande kilekile kinazunguka. Mtafiti mmoja wa Finland aliwauliza watu zaidi ya 12,000 wa nchi yake, na karibu 9 kati ya 10 walisema jambo hilo huwapata angalau mara moja kwa juma. Kwa hiyo si pepo wala si uchovu wa akili. Wataalamu wa chuo kikuu cha Reading, Uingereza, waliona mwaka 2015 kwamba kutafuna chingamu kunapunguza wimbo uliokwama, kwa sababu mdomo unaotafuna unaizuia akili kuimba kimyakimya. Asiye na chingamu anaweza kujaribu kuuimba wimbo huo mpaka mwisho wake, maana mara nyingi kinachokwama ni kipande ambacho hatujui kinaishaje.

Wapo hata waliotaka kutengeneza kwa makusudi wimbo unaochukiwa kuliko zote. Mwaka 1997 wachoraji wawili, Komar na Melamid, pamoja na mtunzi wa muziki Dave Soldier, waliwauliza watu huko Marekani ni sauti gani zinazowaudhi. Kisha wakaziweka zote katika wimbo mmoja wa zaidi ya dakika 20: mwanamke wa opera akirapu, kinanda cha kukunja, filimbi za mfuko wa ngozi, na watoto wakiimba juu ya sikukuu huku wakitangaza duka. Jambo la kuchekesha ni kwamba baadhi ya watu walioisikia kazi hiyo waliifurahia. Hapo tunajifunza kwamba kinachotukera si chombo peke yake. Tunakereka tunapolazimishwa kusikia, na kwa sababu ya kile ambacho wimbo umebeba kwa ajili yetu.

Dawa ya wimbo uliochosha ni ndogo: kumwomba jirani apunguze au abadilishe, na yeye kukubali bila kununa. Si kesi ya kumpeleka mtu kwa chefu.

WIMBO ULIOTUMWA KWAKO

Aina ya pili tunaijua sisi wanawake kuliko wanaume. Kule pwani, Tanga, Zanzibar na Mombasa, katika muziki wa taarab, mwanamke anaweza kuinuka katikati ya wimbo, akaenda kumtuza mwimbaji pesa huku akimtazama adui yake aliyekaa upande wa pili. Hasemi neno, wimbo unasema kwa niaba yake. Wanaita mipasho, na ukumbi wote unajua nani amepigwa.

Hapa kwetu hatuna ukumbi wa taarab, lakini tuna bafle na tuna simu. Mke mwenza anafungulia wimbo wa mwanamke aliyeachwa kila mara mwenzake anapopita kwenda kuteka maji. Jirani mliyekosana kwa ajili ya deni la likelemba anaweka kwenye simu yake wimbo wa watu wasiolipa. Mama asiyejaliwa mtoto anapigiwa wimbo wa kusifu uzazi. Ukilalamika, unaambiwa: «Mimi nasikiliza muziki wangu, kwani jina lako limetajwa?»

Wimbo wa namna hii hauzimwi kwa kuzima bafle. Ukizimwa leo, kesho utapigwa mwingine. Kilichoko pale ni ugomvi uliokosa mdomo. Dawa yake ni watu wawili kukaa pamoja na mama mmoja wanayemheshimu wote, na kulitaja lile deni, ule wivu, lile neno lililosemwa kisimani. Anayepiga wimbo ajue hivi: umeogopa kusema, ukaifanya bloku nzima kuwa mashahidi wa jambo ambalo lingemalizika kwa chai ya vikombe viwili.

WIMBO UNAOTUKANA, NA MTOTO ANAUIMBA

Aina ya tatu inatuuma kama wazazi. Mtoto wa miaka saba anaingia nyumbani akiimba kwa Lingala, kwa Kiingereza cha Nigeria au kwa Kiswahili cha Dar es Salaam maneno ambayo mama akiyaelewa angeangusha sufuria. Mengi yanahusu mwili wa mwanamke: unavyouzwa, unavyotikiswa, unavyostahili kupigwa. Mtoto haelewi, anapenda mdundo. Lakini maneno yanayorudiwa kila siku yanajenga nyumba ndani ya kichwa chake.

Tatizo hili si geni katika nchi yetu. Mwaka 1978 Franco Luambo, mwimbaji mkubwa kuliko wote wa Zaire ya wakati ule, aliwekwa gerezani kwa sababu ya nyimbo za matusi, kati yake «Hélène» na «Jacky». Miaka 9 baadaye, mwaka 1987, Franco huyohuyo alitoa wimbo mrefu wa kuwaonya watu juu ya ugonjwa wa sida, na ulisaidia familia kuzungumza jambo lililokuwa likifichwa. Sauti ni ileile na gitaa ni lilelile. Kilichobadilika ni alichoamua kutuambia.

Wengine watasema serikali ipige marufuku. Serikali zimejaribu. Tanzania, mwezi wa Novemba 2018, Baraza la Sanaa liliufungia wimbo «Mwanza» wa Rayvanny na Diamond Platnumz kwa ajili ya maneno yake. Mwezi uliofuata wakauimba tena jukwaani, wakafungiwa wao wenyewe, wakaomba msamaha. Wimbo uliofungiwa redioni unaendelea kutembea kutoka simu hadi simu. Na hapa Kongo tunayo tume ya taifa ya kuchunguza nyimbo. Mwezi wa Novemba 2021 tume hiyo iliukataza wimbo «Nini tosali te» wa kundi la MPR, wimbo unaouliza kuhusu maisha magumu ya wananchi. Watu wakapiga kelele, na katazo likaondolewa upesi. Tunaona basi kwamba mkono wa kukataza unaweza kumkamata anayelalamika njaa na kumwacha anayemtukana mama yako.

Kwa hiyo tusingoje Kinshasa. Sisi wenyewe tuna chombo ambacho tume haina: tuna lugha. Katika kikundi kimoja cha AVEC hapa Lusenda unaweza kumpata anayejua Kirundi, anayejua Kibembe, anayejua Kifuliiru, na mwingine aliyekaa Kinshasa au Kalemie akaleta Lingala. Mama wa Burundi asiyeelewa Lingala ana jirani wa kumfasiria. Mama Mbembe asiyeelewa Kirundi anaye pia wa kumwambia kwamba wimbo anaoushuku ni wa kubembeleza mtoto tu, hauna neno baya. Tukifasiriana nyimbo tunapata faida mbili: tunajua watoto wetu wanaimba nini, na tunaacha kushuku lugha ya jirani.

Ukishajua maana, usikimbilie fimbo. Mtoto aliyepigwa kwa ajili ya wimbo atauimba nje, penye wenzake. Mwulize kwanza: «Unajua maneno haya yanasema nini?» Mweleze kwa kadiri ya umri wake. Kisha mwulize kama angependa dada yake aambiwe hivyo barabarani. Watoto wengi wakielewa wanaona aibu wenyewe. Kijana wa miaka 15 atabishana. Mwache abishane, lakini asikie msimamo wako ukiwa mmoja leo na kesho: ndani ya nyumba hii wimbo huo haupigwi.

WIMBO UNAOFUNGUA KIDONDA

Sasa tunafika kwenye aina ya nne, ambayo ndiyo hasa iliyotufanya tuandike.

Kuna wimbo wa kwaya ulioimbwa siku ya mazishi ya mtoto wako. Miezi sita baadaye unapigwa arusini, watu wanacheza, na wewe unatoka nje kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Wimbo ni mzuri, hauna tusi, na hakuna aliyekukosea. Lakini mwili wako umerudi makaburini.

Na kuna nyimbo zilizozaliwa zikiwa na kisu. Rwanda, mwaka 1994, redio RTLM ilikuwa inapiga nyimbo za Simon Bikindi, mwimbaji aliyependwa sana. Mahakama ya kimataifa ya Arusha ilimhukumu mwezi wa Desemba 2008 kifungo cha miaka 15. Hakuhukumiwa kwa ajili ya nyimbo zenyewe, bali kwa maneno ya kuchochea mauaji ya Watutsi aliyoyasema barabarani kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari. Aliyenusurika miezi ile hahitaji kueleza kwa nini anaondoka nyimbo hizo zikilia.

Burundi nako, mwezi wa Aprili 2017, video ilisambaa kutoka Ntega, mkoa wa Kirundo. Ilionyesha vijana wengi wa Imbonerakure wakirudia kwa mdundo, mara nyingi mfululizo, wito wa kuwatia mimba wanawake wa upande wa upinzani. Chama chao chenyewe kiliyalaani maneno hayo kwa tangazo, na mwezi huohuo mkuu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa, Zeid Ra'ad Al Hussein, akayalaani. Wakati huo kambi yetu ilikuwa na miaka miwili. Ilifunguliwa mwaka 2015 kwa ajili ya watu waliokimbia matatizo ya mwaka huo. Hatutaji jambo hili ili kufungua siasa katika karatasi yetu. Tunalitaja kwa sababu ule ulikuwa mdundo wa pamoja, wenye mwimbishaji na waitikiaji, na tumbo la mwanamke ndilo lililokuwa kiitikio.

Na wenyeji wa Fizi hawahitaji kufasiriwa hilo. Tarehe 1 Januari 2011 askari walibaka wanawake wengi katika mji wa Fizi. Mwezi wa Februari mwaka huohuo mahakama ya kijeshi ililetwa Baraka, wanawake wakasimama na kutoa ushahidi, na Luteni Kanali Kibibi Mutware akahukumiwa miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Wanawake wa hapa walisema kwa mdomo wao, mbele ya majaji, jambo ambalo wengine hulifanya kuwa mzaha wa nyimbo.

Kwa hiyo wimbo wa mzaha juu ya mwanamke aliyeshikwa kwa nguvu ukipigwa ngandani, nani anaweza kusema «ni wimbo tu»? Kati ya wamama wanaopita na ndoo kichwani, mkimbizi kwa mwenyeji, wapo ambao si mzaha kwao. Hatuwajui wote, na hatupaswi kuwajua. Inatosha kujua kwamba wapo.

Tueleze kidogo kinachotokea mwilini, maana wengi wanadhani wanapata wazimu. Hatari ikitokea, akili inashika kila kilichokuwepo: harufu, giza, sauti. Baadaye sauti ileile ikirudi, mwili unapiga kengele kabla mtu hajafikiri. Moyo unakimbia, mikono inatetemeka, jasho linatoka, mwingine anakasirika bila kujua kwa nini. Si udhaifu, si kukosa imani, na si laana. Ni mwili unaojaribu kukulinda kwa hatari ambayo imekwisha.

Ukimwona mwenzako hivyo, fanya mambo machache. Mwondoe penye sauti, au uizime. Mkalishe, mpe maji. Mwambie alipo: «Uko Lusenda, ni mchana, uko na mimi.» Mwombe akanyage chini kwa miguu yote miwili na akutajie vitu vitano anavyoviona. Usimshike kwa nguvu, usimzungushie watu, usimlazimishe kusimulia. Kama jambo linarudi mara nyingi, analala vibaya au hali, msindikize kwa watu wa msaada wa kisaikolojia au kwenye kituo cha afya. Siri yake ibaki kwako.

TUFANYE NINI SISI KWA SISI

Tunapendekeza mambo haya, kila kikundi kiyajadili na kuongeza yake.

Kwanza, tuwe na neno moja linalotosha. Mama akisema «naomba huo wimbo uzimwe», uzimwe kwanza, maswali yasiulizwe. Asiombwe sababu mbele ya watu. Wimbo ukiruka mmoja, arusi haiharibiki.

Pili, kabla ya sherehe, mwenye sherehe akae na mwenye bafle na kumwambia nyimbo zisizopigwa. Anayelipa ana haki ya kuchagua, na aulize pia kwa jirani waliofiwa karibuni.

Tatu, tuzungumze na wenye kuchaji simu na wenye nganda kwa upole, tukiwa watatu au wanne, wakimbizi na wenyeji pamoja. Wengi wao ni watoto wetu. Tupatane nao saa ya kupunguza sauti usiku, na juu ya nyimbo za kuwadhalilisha wanawake au kuchochea makabila. Wakikataa kabisa, hapo ndipo twende kwa kiongozi wa bloku au chefu.

Nne, kila kikundi kiwe na wafasiri wake wa nyimbo. Dakika kumi mwishoni mwa mkutano zinatosha: nani amesikia wimbo gani kwa watoto, na unasema nini?

Tano, tuimbe zetu. Wamama wa Burundi wana nyimbo za kubembeleza watoto na za kulima. Wabembe na Wafuliiru wanazo za kwao. Mtoto aliyefundishwa wimbo mgongoni mwa mama yake atakuwa na kitu cha kulinganisha bafle litakapomletea mwingine.

Kwa mkutano wa juma lijalo, tunawaachia maswali matatu ya kuzungumza: Ni wimbo gani umewahi kutoka nje kwa ajili yake? Ulimwambia mtu? Na mara ya mwisho mwenzako alipoomba wimbo uzimwe, wewe ulimjibu nini? Asiyetaka kujibu la kwanza aruhusiwe kunyamaza. La tatu tulijibu wote.